Nani kaiua seva yetu?

Najua nimekuwa kimya hapa kibarazani kwa wiki tatu nzima. Wengine mmeniuliza kama nimeacha kuandika, na mmoja akauliza kama nimeoa. Hapana jamani. Nilikuwa nauguza seva, na baada ya kuiuguza nikawa natafuta ujasiri wa kusimulia ugonjwa ulitoka wapi.

Nasimulia kwa sababu mbili. Ya kwanza, najua hapa wanapita watu wenye seva ndogo za Linux, za shule, za vikundi, za magazeti kama letu, ambao hawana fundi wa kumpigia simu usiku. Huenda yaliyonikuta yakawafaa. Ya pili ni deni. Kuna mtu tulimsingizia, na vidole vilivyoandika maneno hayo ni vyangu.

Tuanze na seva yenyewe. Gazeti letu ni dogo na tovuti yake inakaa kwenye seva ya kukodi yenye diski ya GB 40. Ndani yake kuna Ubuntu 22.04. Kwa wasiojua, Ubuntu ni Linux iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ndilo lile lile neno letu "utu", ila kwa lugha za ndugu zetu wa kusini. Namba zake ni tarehe: 22.04 maana yake ni toleo la Aprili 2022. Juu ya Ubuntu kuna nginx anayesimama mlangoni kuwapokea wasomaji, kuna PHP anayepika kurasa, na kuna MariaDB anayetunza habari zote kwenye hifadhidata. Watu watatu, kazi tatu. Mmoja akigoma, msomaji anaona tovuti nzima imekufa.

Kijana aliyeisimika alishapata kazi kwingine. Siku anaondoka aliniachia neno la siri, kwa sababu mimi ndiye pekee pale ofisini mwenye Linux kwenye kompyuta yake. Sikusomea ufundi. Nimesomea uandishi wa habari. Lakini ofisi zetu mnazijua: ukionekana mara moja unaijua printa, basi printa ni yako mpaka ustaafu.

Sasa Alhamisi hiyo simu ya mhariri iliniamsha saa 12 na robo asubuhi. Salamu hakuna.

"Dogo, habari haziingii. Picha hazipandi. Tovuti ina nini?"

Nikamwambia, "Ngoja bosi, naiwasha upya."

Ndugu zangu, sentensi hiyo ndiyo iliyoniponza. Wakati ule tovuti ilikuwa bado inasomeka. Wahariri ndio walioshindwa kuingiza kitu kipya, lakini msomaji wa Tukuyu au Tandahimba alikuwa anasoma habari za jana bila shida yoyote. Mimi sikuuliza, sikuangalia, nikaandika:

systemctl restart mariadb

Babu yangu alikuwa na redio ya mkulima ambayo ikinyamaza unaipiga kofi, inaendelea. Na mimi nimekulia kwenye imani hiyo. MariaDB alizima vizuri kabisa, kisha akakataa kuwaka. Nikajaribu tena, akakataa. Nikafungua tovuti kwenye simu nikakuta ukurasa mweupe wenye mstari mmoja: Error establishing a database connection, yaani kuungana na hifadhidata kumeshindikana. Mgonjwa alikuwa anachechemea, mimi nikamvunja mguu wa pili.

Nikasema labda programu zimepitwa na wakati. Nikaandika apt upgrade ili vifurushi vyote visasishwe. Seva ikajibu:

E: You don't have enough free space in /var/cache/apt/archives/.

Yaani hakuna nafasi ya kutosha mahali pa kuwekea vifurushi. Jibu la maswali yangu yote ya siku ile lilikuwa pale, kwa Kiingereza cha darasa la saba, saa 12 na nusu asubuhi. Mimi nililisoma kama ninavyosoma maandishi ya nyuma ya daladala iliyo mbele yetu kwenye foleni. Macho yalipita, akili haikuwapo. Nikafunga kompyuta, nikakimbilia ofisini.

Kule nilikuta chumba cha habari kimechemka. Hapa inabidi niwarudishe nyuma usiku mmoja. Jumatano saa 2 usiku tulikuwa tumeweka kwenye tovuti habari yangu kuhusu ushuru wa vizimba katika soko moja hapa Dar es Salaam. Wafanyabiashara walisema wanalipa na hawapewi stakabadhi. Mwenyekiti wa soko alitajwa kwa jina, na mwisho wa habari niliandika yale maneno yetu ya siku zote, kwamba alipotafutwa kwa simu hakupatikana. Saa 2 usiku habari inatoka, alfajiri tovuti inakufa. Nani hapo asingejumlisha moja na moja?

"Wametudukua hao," akasema dada wa dawati la michezo.

Na mimi, badala ya kusema sijui, nikatia petroli. Nilifungua faili linaloitwa /var/log/auth.log, ambamo seva huandika kila anayejaribu kuingia. Mistari ilimiminika: Failed password for root, Failed password for root, Failed password for admin, kutoka anwani za nchi ambazo mwenyekiti wa soko hajawahi kuzikanyaga. Watu walisimama nyuma ya kiti changu wakiangalia kama wanaangalia mpira. Kisha mhariri akaona kwenye logi ya MariaDB kwamba matatizo yalianza 02:31.

"Saa nane na nusu usiku!" akasema. "Watu wamelala, wao wako kazini. Andika."

Nikaandika. Kwenye ukurasa wetu wa mtandao wa kijamii niliweka kwamba tovuti yetu imeshambuliwa usiku wa kuamkia Alhamisi, saa chache tu baada ya kuchapisha habari ya ushuru wa soko, na kwamba hatutanyamazishwa. Sikumtaja mtu. Hakukuwa na haja. Ndani ya nusu saa watu walikuwa wameshamtaja wenyewe kule kwenye maoni, jina lake, duka lake lilipo, na mmoja akauliza kwa nini mtu huyo bado anatembea mchana. Mhariri akaanza kupanga ukurasa wa mbele wa Ijumaa.

Pale ofisini tuna mzee mmoja, mhakiki wa lugha. Kompyuta anaitumia kwa kuondoa koma zilizozidi, basi. Alikuja na kikombe chake cha chai, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akavuta kiti.

"Mwanangu, nani kakwambia mmeshambuliwa?"

"Logi, mzee. Ni kumbukumbu ya seva."

"Imesema hivyo? Hebu nisomee."

Nikamsomea. Failed password. Nikamtafsiria, neno la siri limekosewa.

"Sasa aliyekosea neno la siri ameingia?"

Nikanyamaza.

"Na jana hawakukosea? Na juzi?"

Kisha akanywa chai yake akarudi kwenye koma zake. Mimi nilibaki nimeinama. Maswali hayo mawili angeyauliza mwanafunzi wa mwaka wa kwanza siku ya pili ya darasa la kuandika habari. Mimi nina shahada na sikuyauliza.

Basi nikaanza upya, na safari hii nilifanya kama natafuta habari. Mashahidi mmoja mmoja, na kila mmoja namwacha amalize kusema.

Shahidi wa kwanza alikuwa yule yule auth.log. Nilifungua la wiki iliyopita, kabla hata sijakanyaga sokoni. Mistari ilikuwa ile ile, wingi ule ule, usiku na mchana. Nikakumbuka kitu ambacho nilikuwa nakijua siku zote: kompyuta yoyote iliyo wazi kwenye intaneti hugongewa mlango na programu zinazozunguka dunia nzima kubahatisha maneno ya siri. Hazikujui, hazisomi gazeti lako. Kisha nikaandika last, amri inayoonyesha walioingia kweli. Nilikuta jina moja tu, langu. Jumanne nikiwa ofisini, na asubuhi ile nikiwa kitandani. Mdukuzi hodari anaweza kufuta nyayo zake, kwa hiyo hilo peke yake halikutosha. Lakini lile ushahidi tuliloutangazia umma lilikuwa limeshakufa.

Shahidi wa pili:

systemctl --failed

Amri hii inaorodhesha huduma zilizoanguka. Ilikuwapo moja tu, mariadb.service. Nginx alikuwa hai, PHP alikuwa hai. Kwa hiyo sikuwa na sababu ya kugusa chochote kingine. Nikamfuata aliyeanguka kwa amri ambayo ningepaswa kuiandika kabla ya kusalimia asubuhi:

journalctl -u mariadb --since yesterday

Hapo MariaDB alieleza mwenyewe, tena zaidi ya mara moja, kwa namba na kwa maneno: Errcode: 28, No space left on device. Diski imejaa. Hakuna pa kuandika. Ndiyo maana habari mpya hazikuingia huku za zamani zikisomeka, kwa sababu kusoma hakuhitaji nafasi na kuandika kunahitaji. Na ndiyo maana nilipomzima hakuwaka tena: kila anapowaka huandika mafaili yake ya muda, na mahali pa kuyaandika hapakuwapo.

Shahidi wa tatu ilikuwa saa. Niliandika timedatectl nikaona seva yetu inakwenda kwa UTC, saa tatu nyuma ya kwetu. Kwa hiyo 02:31 ya kwenye logi ni 05:31 ya Dar es Salaam, yaani saa 11 na dakika 31 alfajiri. Ile "saa nane na nusu usiku" ya mhariri haikuwapo duniani. Sisi Waswahili tuna mtego wa ziada hapa: tunasoma 02:31, tunageuza kuwa saa nane, tunasahau kwamba seva haiishi kwetu. Saa tatu hizo zinaweza kumpeleka mtu jela au kumtoa.

Shahidi wa nne, df -h, alithibitisha: diski imetumika asilimia 100. Nikaangalia pia df -i, kwa sababu wakati mwingine nafasi ipo ila idadi ya mafaili yanayoruhusiwa imekwisha. Huko kulikuwa salama. Sasa nani kaijaza? Nikashuka ngazi moja moja:

du -xh --max-depth=1 /var | sort -h

Amri hii inapima kila saraka na kuzipanga, ndogo juu, kubwa chini. Chini, juu tu ya jumla ya /var yenyewe, ilikaa saraka ambayo jina lake nililitunga mimi mwenyewe: /var/nakala.

Nilihisi baridi tumboni. Nikaifungua. Ndani kulikuwa na mafaili karibu 90, kila moja kama MB 210, na majina yake yalibeba tarehe, saa na dakika. 0200. 0201. 0202. 0203. Yalikwenda hivyo mpaka 0259 kwa usiku wa kwanza, yakaanza tena usiku wa pili.

Jumanne mchana, baada ya kusoma mahali fulani kuhusu watu waliopoteza tovuti zao, nilikuwa nimeandika skripti ndogo ya kutunza nakala ya hifadhidata, nikamkabidhi cron. Cron ni yule mlinzi wa Linux anayeamsha kazi kwa ratiba. Nikaandika crontab -l kuona nilimwambia nini:

* 2 * * * /root/nakala.sh

Sehemu tano za mwanzo ni dakika, saa, siku ya mwezi, mwezi, na siku ya wiki. Kinyota maana yake ni "kila". Nilitaka dakika ya 0 ya saa 2, yaani mara moja kwa usiku. Ilipaswa kuwa 0 2 * * *. Mimi niliweka kinyota mahali pa sifuri, na cron akaelewa nilichoandika, si nilichokusudia: kila dakika iliyomo ndani ya saa 2. Mara 60 kwa usiku.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Nakala 60 mara MB 210 ni GB 12.6. Jumanne diski ilikuwa na nafasi ya kama GB 19. Usiku wa kwanza ukala GB 12.6, zikabaki 6 na ushee. Usiku wa pili, nakala kama 30 hivi zikamaliza kilichobaki. Nakala 30 ni dakika 30. Saa 2 na dakika 30 za UTC. Na logi ya MariaDB ilianza kulia 02:31. Nikafungua /var/log/syslog, na humo cron mwenyewe ameandika dakika kwa dakika kwamba ametekeleza agizo la root. Root ni mimi.

Muuaji alikuwa amekaa kwenye kiti changu.

Sasa nawaambia jambo ambalo sikumwambia mtu siku ile. Nilikaa pale kama dakika kumi bila kugusa kitufe. Hakuna mtu ofisini anayejua kusoma crontab. Ningeweza kuondoa kile kinyota, kufuta mafaili, kuwasha MariaDB, na kusema "nimewashinda." Ningepewa mkono. Mwenyekiti wa soko angebaki ndiye aliyetushambulia mpaka kufa kwake, kwa sababu habari za namna hiyo hazifutiki vichwani mwa watu. Na sehemu moja ya moyo wangu ilikuwa inasema: si anakula ushuru wa watu? Anastahili. Nilishtuka nilipoisikia sehemu hiyo. Mtu anaweza kuwa na hatia ya ushuru na asiwe na hatia ya seva.

Nikaenda kwa mhariri na kompyuta mkononi. Nikamwonyesha mstari.

"Bosi, hatukushambuliwa. Ni mimi."

Aliangalia kioo muda mrefu. Akaniuliza kinyota ni nini, nikamweleza. Akavua miwani. Nilitegemea matusi, naye anayajua. Akasema tu, "Kwanza toa ile ya mtandaoni. Halafu andika marekebisho, na uandike vizuri kuliko ulivyoandika uongo." Ukurasa wa mbele wa Ijumaa ukapangwa upya. Niliandika sentensi tatu: kwamba tovuti haikushambuliwa, kwamba kosa lilikuwa la ndani, na kwamba tunamwomba radhi yeyote aliyehusishwa. Ile ya uongo ilisambazwa na watu wengi. Marekebisho yalisambazwa na watu wachache sana. Mnajua ilivyo.

Kutibu seva kulikuwa rahisi kuliko kukiri. Nilirekebisha crontab kwanza, maana kupiga deki bomba linavuja ni kujichosha. Kisha sikufuta ovyo. Nakala za mwisho zilikuwa zimekatika katikati diski ilipojaa, nazo zina ukubwa unaomdanganya mtu, hivyo niliwapima kwa gzip -t mpaka nikapata ya mwisho iliyo nzima. Nikaihamishia kwenye kompyuta yangu, nikafuta nyingine. Nikaandika systemctl start mariadb, kisha systemctl status mariadb, na yale maneno ya kijani yakatokea: active (running). Ilikuwa saa 3 na nusu asubuhi.

Kwa kuwa nilikuwa humo, nikasema nimalizie na vifurushi. Apt akanikatalia tena: Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend, na chini yake akaandika kwamba kufuli limeshikwa na mchakato wenye jina unattended-upgr. Mtandaoni utakuta watu wengi wanakushauri ulifute faili hilo la kufuli. Usifute. Kufuli lipo ili watu wawili wasipange stoo moja kwa wakati mmoja. Nikasoma jina: huyo ni mfanyakazi wa Ubuntu anayejisasishia mwenyewe marekebisho ya usalama, na ratiba yake ya kawaida ni kati ya saa 6 na saa 7 za seva, yaani saa 3 hadi saa 4 asubuhi kwetu. Alikuwa kazini kwake. Nilisubiri dakika kadhaa akamaliza, kufuli likafunguka lenyewe.

Nikaanza apt upgrade kwa intaneti ya simu. Katikati ya kufungua vifurushi vya programu, kifurushi changu cha intaneti kikaisha. Msicheke. Niliporudi hewani, kila nikigusa apt ananiambia dpkg was interrupted, yaani kazi ilikatishwa, na ananitajia dawa yenyewe ndani ya sentensi ile ile. Safari hii nilisoma mpaka nukta:

dpkg --configure -a

Dpkg akachukua kila kifurushi kilichoachwa nusu akakimalizia. Nikafuatisha apt --fix-broken install kuhakikisha hakuna kinachomdai mwenzake, nikakuta salama. Tangu siku hiyo kazi yoyote ndefu naifanyia ndani ya tmux. Ukikatika, kazi inaendelea kule kule kwenye seva, wewe ukirudi unaikuta.

Haya, wenye seva zenu, chukueni haya mkayabandike ukutani:

1. Huduma ikisumbua, kwanza systemctl status, kisha journalctl -u na jina lake. Kuwasha upya kuje baadaye, ukishajua sababu.

2. Angalia df -h mapema. Diski iliyojaa hujifanya magonjwa kumi tofauti.

3. Kama logi ndizo zilizojaza, journalctl --disk-usage itakuambia, na journalctl --vacuum-size=200M itapunguza. Ukifuta faili kubwa na nafasi isirudi, kuna programu bado imelishikilia. Itafute kwa lsof +L1.

4. Ukibadilisha mipangilio ya nginx, andika nginx -t kabla ya kumwasha upya. Atakutajia faili na mstari wenye kosa. Akisema Address already in use, kuna mwingine amekalia mlango wake, na ss -ltnp itakuonyesha ni nani.

5. Apt akilalamika, soma sentensi yote. Mara nyingi dawa iko mwishoni.

6. Soma ratiba yako ya cron kwa sauti, sehemu moja moja, kama unamsomea mtu asiyejua. "Kila dakika, ya saa mbili." Ningefanya hivyo Jumanne, nisingekuwa naandika haya.

Limebaki moja. Ijumaa mchana mwenyekiti wa soko alipiga simu ofisini akaniulizia mimi. Nilijiandaa kutukanwa. Alikuwa mtulivu, na utulivu wake uliniuma zaidi. Alisema ameyaona marekebisho. Kisha akauliza, "Mwandishi, kule kwenye kompyuta umechunguza ukaona umekosea. Na ile ya ushuru, uliichunguza hivyo hivyo?"

Nikamwambia nilimtafuta hakupatikana.

"Ulinitafuta mara ngapi?"

Mara moja. Jumatano, saa 11 jioni, simu ikaita ikakatika. Logi ya simu yangu ipo, nimeiangalia. Mara moja tu, nikaandika "hakupatikana" kama mtu aliyemsaka wiki nzima.

Jumatatu nilikwenda ofisini kwake pale sokoni, nikakaa saa mbili na nusu na vitabu vyake vya stakabadhi. Baadhi ya waliosema hawapewi, stakabadhi zao zimo, zimesainiwa. Wengine hawamo kabisa, na alipoulizwa kuhusu hao maelezo yake hayakunitosha. Kwa hiyo habari yangu ya kwanza haikuwa uongo, na haikuwa kweli yote. Ya pili imetoka Jumamosi iliyopita, ndefu kuliko ya kwanza, na ndani yake amezungumza mwenyewe. Wafanyabiashara kadhaa wamenikasirikia. Yeye pia hajafurahi.

Yule mzee mhakiki ameisoma kabla haijatoka. Ameondoa koma saba.

Haya ndugu zangu, nawaacha hapa. Kabla hujalala leo ingia kwenye seva yako uandike df -h, kisha crontab -l. Ukikuta kinyota mahali pasipo pake, kitoe, halafu uwahi kusema ni cha kwako. Tutaonana wiki ijayo, seva ikinijalia.